Mpira wa Juu na Upepo wa Ufipa

Mdako hauhitaji mwenzi. Msichana mmoja akikaa uani na shimo lake na kete zake, anarusha jiwe juu, mkono unachota kete, na kabla jiwe halijagusa ardhi mkono umesharudi kulidaka. Hakuna aliyemfundisha hesabu ya jiwe hilo. Amelirusha mara nyingi mno hadi mkono wake unajua litarudi lini.

Kudaka mpira wa juu katika besiboli ni mdako uliotoka uani ukaenda uwanja mzima. Mpigaji anaupiga mpira kwa gongo, unapanda, na mmoja kati ya wale wachezaji watatu wanaosimama mbali kabisa naye anatakiwa aufikie na kuudaka kabla haujagusa chini. Akiudaka, mpigaji ameondolewa. Ukimpita, wapinzani wanazunguka vituo huku yeye akiukimbiza kwenye majani. Kwa hiyo kuna kazi ya mkono, ambayo mcheza mdako anaijua tayari, na kuna kazi ya miguu na macho, ambayo ndiyo inayowashinda wengi.

Kwa kijana wa Malangali, pale Sumbawanga, shida ya kwanza si ufundi. Ni mtu wa kucheza naye. Besiboli ya Tanzania ilianza kushika mizizi Dar es Salaam mwaka 2012, katika Shule ya Sekondari Azania, kwa juhudi za Mjapani Shinya Tomonari, ambaye kabla ya hapo aliwahi kuifundisha timu ya taifa ya Ghana. Mwaka 2018 shule hiyo ikapata uwanja wake wa besiboli kwa msaada wa Japani, nao ukabeba jina la Koshien, uwanja maarufu wa mashindano ya sekondari huko Japani uliofunguliwa mwaka 1924. Kutoka Malangali hadi uwanja huo wa Upanga ni zaidi ya kilometa 1,100 za basi, kupitia Tunduma na Mbeya. Hakuna anayesafiri hivyo kwa ajili ya mazoezi ya Jumamosi.

Lakini umbali na upweke havijamzuia kila mtu. Nchini Uganda, kijana Dennis Kasumba alijulikana duniani kwa video za mazoezi yake: kijana aliyechuchumaa ndani ya tairi la gari, amezungukwa na vifaa vya kujiundia, akidaka na kurusha kana kwamba uwanja umejaa watu. Mwaka 2023 akaenda Marekani kuichezea Frederick Keys, timu ya jimbo la Maryland, katika ligi ya vijana wanaotafuta kusajiliwa. Kasumba ni mdakaji, yule anayekaa nyuma ya mpigaji, na kazi yake si sawa na ya mlinzi wa mbali. Kinachofaa kuigwa kwake ni namna alivyokataa kusubiri vifaa na watu vitimie. Na Waganda hawakuanza jana: mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League huko Williamsport, na mwaka 2015 wenzao wa Mukono wakaifunga Jamhuri ya Dominika, nchi inayolea wachezaji wa besiboli kama Brazil inavyolea wa kandanda.

Sasa twende uwanjani. Anayefanya mazoezi peke yake ana tatizo moja ambalo vitabu vya makocha hupita juu yake: anaujua mpira wake. Mkono uliorusha umeshayaambia macho na miguu utaangukia wapi. Ndiyo maana mtu anaweza kujirushia mpira mara 200 jioni moja, akaudaka wote, halafu siku ya mechi akasimama kama mlingoti mpira ukimpita utosini. Alichofanyia mazoezi ni mikono peke yake. Ufundi wa kujifunza ukiwa peke yako, basi, ni ufundi wa kujificha habari: kutafuta kila njia ya kuufanya mpira uliourusha mwenyewe ukushangaze.

Kabla ya kujificha habari, ijue habari yenyewe ambayo macho huitafuta. Mwaka 1968 mwanafizikia Mmarekani, Seville Chapman, alionyesha kwa hesabu kwamba mpira unaokuja moja kwa moja kuelekea kwa mtu hujisema wenyewe. Ukiutazama ukapanda machoni kwa mwendo uleule, bila kuongeza wala kupunguza, uko mahali pake na utakufikia. Ukizidi kupanda kwa kasi, unakwenda kukupita, rudi nyuma. Ukianza kusuasua na kuzama machoni ungali mbali, utaangukia mbele yako, kimbia uufuate. Mwaka 1995 watafiti wengine, McBeath na wenzake, wakaandika katika jarida la Science kuhusu mpira unaokwenda pembeni: mchezaji hukimbia kwa namna inayoufanya mpira uonekane ukipita hewani kwenye mstari ulionyooka. Maelezo hayo mawili yamezua mabishano ya kitaalamu, ila kwa mchezaji yanakubaliana katika jambo la maana. Mchezaji mzuri hapigi hesabu ya mahali pa kuangukia kisha akaenda kusubiri hapo. Anakimbia huku akitazama, na mbio zake ndizo zinazomwonyesha. Mtu aliyesimama tuli hubashiri vibaya.

Kwa hiyo kosa la kwanza la kuacha ni kusimama kukisia.

Anza na mpira mwepesi. Mpira halisi wa besiboli una uzito wa gramu 142 hadi 149, umeshonwa kwa nyuzi mbili-mbili mara 108, na ukianguka kutoka mita 20 unafika chini kwa kasi ya zaidi ya kilometa 60 kwa saa. Huo si wa kudaka kwa viganja vitupu, wala si wa kujifunzia kwa uso wako. Mpira wa tenisi hauzidi gramu 60, unakaribia ukubwa uleule, na ukikupiga puani utalia kidogo tu. Usipopatikana, mpira wa soksi uliofungwa vizuri, kama ule wa rede, unatosha kwa wiki za mwanzo, ingawa haudundi.

Zoezi la kwanza ni kujua muda. Rusha mpira wima, huku simu ikihesabu sekunde. Ukikaa hewani sekunde 2, ulipanda kama mita 5 juu ya mkono wako. Sekunde 3 ni mita 11. Sekunde 4 ni karibu mita 20, na hapo wengi bega huanza kulalamika. Mipira ya kweli inayopigwa mbali hukaa hewani sekunde 4, 5 au zaidi kidogo, kwa hiyo usijidanganye na mirusho ya sekunde moja na nusu. Uudake juu ya paji la uso, mikono miwili pamoja, vidole vikitazama mbinguni, viwiko vikiwa vimelegea. Mpira ukiwa umeshuka chini ya kiuno, geuza vidole vitazame ardhi.

Anayetaka kuona mikono laini na asimame kando ya nyumba inayojengwa. Saidia fundi anarusha tofali kwenda kwa mwenzake aliye juu ya jukwaa, na yule wa juu halipigi kofi tofali. Anakutana nalo njiani, mikono inarudi nalo kidogo, linatulia. Akikaza mikono, ngozi inabaki kwenye tofali. Mpira nao unapokewa hivyohivyo, na glavu haibadilishi kanuni hiyo. Glavu ngumu kwenye mkono uliokazwa ni ukuta tu, na mpira hudunda ukutani.

Mikono ikishatulia, ndipo udanganyifu uanze. Rusha mpira juu macho yakiwa yamefumbwa, hesabu "moja" kwa sauti, kisha fumbua na uutafute. Sekunde hiyo moja ya giza inakunyima mwanzo wa safari ya mpira, na miguu inalazimika kuamka. Baadaye rusha, jizungushe mara moja mahali ulipo, kisha utafute mpira. Mwanzoni utaukosa vibaya, pengine utajicheka mwenyewe. Ukianza kuudaka nusu ya mara unazorusha, jirushie mbali zaidi.

Zoezi la ukuta ni zuri kuliko yote kwa mtu mmoja, na linahitaji ukuta usio na dirisha pamoja na ruhusa ya mwenye ukuta. Simama hatua 6 au 7 kutoka ukutani. Usiupige mpira wa tenisi ukutani moja kwa moja. Upige chini kwa nguvu, karibu kabisa na pale ukuta unapokutana na ardhi. Utadunda ardhini, ugonge ukuta, kisha upande juu sana na kurudi kwako kwa upinde, mara nyingine juu ya kichwa chako na nyuma yako. Ukikosea shabaha kwa upana wa kiganja, mpira unabadilisha tabia kabisa, na hilo ndilo unalolitaka. Don Bradman, Mwaustralia anayehesabiwa na wengi kuwa mpigaji bora kuliko wote katika historia ya kriketi, alijifunza utotoni huko Bowral kwa kupiga mpira wa gofu kwa kijiti kwenye msingi wa matofali wa tangi la maji. Msingi ule ulikuwa wa mviringo, hivyo mpira ulirudi kila mara kwa njia nyingine. Yeye alikuwa anafundisha gongo lake, si viganja, lakini alishagundua kwamba ukuta wa mviringo unaweza kuwa mwenzi.

Kuna pia paa. Nyumba nyingi za Malangali zimeezekwa bati, na mpira wa tenisi ukirushwa juu ya bati la migongo hupotea machoni, ukapiga kelele, ukakaa kimya, halafu ukachomoza ukingoni mahali ambapo ulidhani haupo. Ukisimama karibu na ukuta huuoni mpaka umeanza kuanguka; ukisimama mbali unapata nafasi ya kukimbia kuja mbele. Zoezi hili halifai saa nane mchana kwenye nyumba yenye bibi anayejinyoosha kidogo. Kuna vijana waliopoteza mipira mizuri kwa njia hiyo, na bibi hairudishi.

Miguu ina somo lake. Mpira ukionekana kwenda nyuma yako, usirudi kinyumenyume. Anayerudi kinyumenyume anakwenda polepole, kichwa kinaruka-ruka, na kisigino kikikutana na tuta la mahindi anakwenda chini chali. Fungua nyonga: peleka mguu mmoja nyuma, ule wa upande ambao mpira unaelekea, geuza kiuno, kisha kimbia kama mtu anayefukuza basi huku uso ukitazama juu ya bega. Lifanye bila mpira kwanza, mara 10 kulia na mara 10 kushoto. Kimbia kwa nyayo za mbele. Ukikanyaga kwa visigino, macho yanatikisika na mpira unaonekana kucheza ngoma angani.

Hapa anayejifunza peke yake ana bahati asiyoijua. Mpira anaoweza kujirushia kwa urahisi kuliko mwingine ndio ule ambao wachezaji wakubwa wanauogopa: unaokwenda mbele yake, mbali naye, naye anaukimbilia akiwa ameupa mgongo. Urushe juu na mbele, kama nusu ya njia kati ya wima na mlalo, ukimbie, uudake ukiingia juu ya bega. Tarehe 29 Septemba 1954, katika uwanja wa Polo Grounds huko New York, mlinzi wa mbali Willie Mays aliudaka hivyohivyo mpira uliopigwa na Vic Wertz, mbali sana na mpigaji, akiwa amempa mgongo. Watu hukumbuka kule kudaka. Wachezaji hukumbuka zaidi kilichofuata: Mays aligeuka papo hapo na kuurusha mpira ndani, na waliokuwa kwenye vituo hawakupata alama. Kwa hiyo kila ukidaka, geuka na uurushe kwenye alama fulani, ndoo au shina la mti. Kudaka na kubaki unatabasamu ni nusu ya kazi.

Sasa nyanda ya Ufipa yenyewe, uliko mji wa Sumbawanga. Sumbawanga iko kwenye kimo cha kadiri ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni pungufu kwa karibu moja ya sita ukilinganisha na pwani. Mpira unaosukumana na hewa kidogo huenda mbali zaidi. Wamarekani wanalijua hili kwa sababu ya Denver, mji wa mita 1,600, ambako mipira huruka hadi timu ya huko ikaanza mwaka 2002 kuihifadhi kwenye chumba chenye unyevu ili isikauke na kuwa miepesi kupita kiasi. Kijana aliyezoea Upanga akija kucheza Sumbawanga atajikuta mbele ya mpira, na wa Sumbawanga akishuka Dar es Salaam atajikuta nyuma yake. Ajifunzaye hapa ajue hivyo, na hatua yake ya kwanza iwe ya nyuma, kwa sababu kurekebisha kwa kuja mbele ni rahisi kuliko kurekebisha kwa kurudi.

Halafu upepo. Kuanzia Mei hadi Oktoba, mvua ikiwa imekwisha, upepo wa kusini-mashariki huvuma kwenye nyanda hiyo kwa saa nyingi za mchana, na mashamba yaliyovunwa hayana cha kuuzuia. Wengine wangeahirisha mazoezi. Anayejifunza kudaka peke yake aufurahie, kwa maana ndiye mwenzi asiyelipwa, anayeupokea mpira ulioujua na kuurudisha usioujua. Kabla ya kurusha, okota vumbi kidogo na uliachie, utazame linaelekea wapi. Rusha ukiutazama upepo: mpira utasita na kurudi kuelekea kwako. Rusha ukiupa mgongo: utakukimbia. Kisha rusha upepo ukiwa ubavuni, uone unavyovutwa pembeni wakati wa kushuka. Wenyeji husimulia kwamba jina la Sumbawanga ni amri ya kutupa uchawi. Atakayerusha mpira wima siku ya Agosti na kuudaka hatua 8 kutoka aliposimama ataona kwamba kuna uliobaki.

Mpira uliopaa wima kutoka kwenye gongo una hila nyingine tena. Hujizungusha kwa nguvu, na mzunguko huo huupinda njiani hadi ukaonekana kwenda nyuma kisha ukarudi. Jaribu kuiga kwa kuufikicha mpira chini kwa vidole wakati unaurusha juu. Kwa mpira mwepesi hila inaonekana hata kwa kimo kidogo.

Anga la kiangazi cha Ufipa ni la buluu tupu, na wachezaji wanaliogopa anga la namna hiyo, kwani macho hayana wingu wala mti wa kupimia umbali. Saa kumi na moja jioni ni afadhali kuliko saa sita. Jua likiwa machoni, usilitazame hata kidogo. Inua glavu, au kiganja cha mkono usiodaka, ulifunike jua, simama ubavu kidogo, uutazame mpira pembeni ya kivuli hicho. Ukiingia ndani ya jua umeupoteza. Jikunyate, ufunike kichwa, uuache uanguke. Kabla ya yote hayo tembea uwanjani ukifukia mashimo na kuondoa visiki vya mahindi, kwa sababu utakuwa unatazama juu wakati wote.

Paza sauti pia. Uwanjani anayeufuata mpira hupiga kelele "Wangu!" ili mwenzake asimgonge, na wawili wakigongana kwa kunyamaza wanaweza kutolewa uwanjani kwa machela. Iseme hata ukiwa peke yako, kila mara, mpaka iwe sehemu ya pumzi. Majirani watadhani unagombea shamba. Wazoee.

Dakika 25 zinatosha kwa siku, mara 4 kwa wiki. Rusha 20 za macho yaliyofumbwa, 20 za ukutani, 20 za kukimbilia mbele, uandike ulizodaka kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari pamoja na hali ya upepo. Siku ya upepo mkali alama 9 kati ya 20 ni nzuri kuliko 18 za asubuhi tulivu. Kwa mtu asiye na glavu, mazoezi haya yote yanakamilika kwa mpira wa tenisi. Glavu ikija, vaa na urudie kutoka mwanzo, kwani mkono mpya wa ngozi huchelewa kufunga.

Na ikitokea mtoto amesimama pembeni kwa siku tatu akitazama, mpe mpira. Mgeuzie mgongo, umwambie aurushe juu popote anapotaka, kwa nguvu zake zote, na akishaurusha ndipo apige kelele "Haya!"